Njuga za Bibi Mwajabu

Siku hizi marehemu hachezewi ngoma, hucheza mwenyewe. Kila mavuno, ukoo humfunga kijana wao njuga zilizohifadhi hatua za aliyetangulia, na miguu ya kijana ikaenda vile ilivyokwenda ya yule aliyezikwa.

Mwanamke mmoja, Sikudhani, alimfunga bintiye njuga za marehemu mama yake mzazi. Binti alirithi jina la bibi yake, Mwajabu, kwa hiyo tangu azaliwe Sikudhani alimwita "mama," kama ilivyo ada. Uwanjani wajomba zake Sikudhani walitokwa na machozi ya furaha. "Mtazameni dada yetu anavyotupa bega!" Vigelegele vikahanikiza.

Njuga zilipovuliwa, Mwajabu aliwakimbilia wenzake akicheka. Mavuno yaliyofuata alirudi nyumbani akichechemea, kama bibi yake enzi za uhai. Shangazi wakasema ni uchovu tu. Masika ilipoingia, akawa anaonja mchuzi kwa ncha ya kidole, kisha anasonya. Sikudhani aliijua sonyo ile. Alikua akiisikia.

Mavuno yalipowadia tena, Sikudhani alizificha njuga ndani ya pipa la mahindi. Asubuhi ya ngoma alimkuta bintiye uani, miguu mitupu, akicheza peke yake huku vumbi likitimka.

"Mama," alimbembeleza, "basi, mama. Inatosha."

Siku zote Mwajabu huitika, "Abee." Leo aligeuza shingo taratibu, akamtazama kwa huruma, wala miguu haikusimama.

"Bado sijamaliza, mwanangu."