Picha ya Ubongo wa Semeni

Siku hizi mashine ya kupiga picha ubongo huonyesha mahali kifafa kinapoanzia, na pia kile kinachoishi hapo.

Semeni alivua hereni na pini za mtandio, akalazwa ndani ya bomba jeupe na kuambiwa asitikisike. Mashine ikaanza kugonga kama fundi bati aliye kazini. Mumewe, Kihiyo, alikaa na daktari mbele ya skrini.

Ukungu ulitanda kwenye skrini, kisha ukafunguka taratibu. Mtoto wa kike alikuwa amekaa mkekani, akichezea mchele kwenye ungo. Sauti ya Semeni ikamwita, "Tunu, njoo ule."

Kihiyo na Semeni hawakuwahi kujaliwa mtoto.

"Ni hapo," daktari alisema. "Jumatatu tutapaondoa, na mkeo hataanguka tena."

Njiani kurudi nyumbani Semeni aliuliza, "Umeona nini?"

"Ukungu tu."

Jioni, wakila, Kihiyo alisogeza sahani yake. "Mama Tunu, niongezee mchuzi."

Upawa ulibaki hewani, ukidondosha mchuzi mkekani.

"Basi Jumatatu, kabla hawajamwondoa," Semeni alisema polepole, "umwambie wewe kwamba sitamwita tena."