Mchezo wa Fundi

Fundi alikaa siti ya nyuma kabisa, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi, akiomba asitambuliwe na mtu. Ukumbi mzima ulikuwa umejaa kwa ajili ya mchezo wake, na yeye peke yake ndiye aliyeingia kama mwizi.

Jina la Fundi alipewa na wasikilizaji. Enzi zile mchezo wake ukianza redioni, vinyozi waliacha kunyoa na kichwa cha mtu kikabaki nusu. Aliandika kwa mkono, mbio mbio, mwandiko kama kuku kakanyaga wino, na mkewe peke yake ndiye aliyeweza kuusoma na kuupiga chapa. Mchezo ukirushwa hewani, Fundi mwenyewe alicheka kuliko majirani. "Kumbe niliandika hivi?" alikuwa akisema, na mkewe hutabasamu tu, akiendelea kukunja nguo.

Kisha redio wakataka kazi zote ziandikwe kwa kompyuta. Fundi akajifunza, akamwambia mkewe, "Sasa pumzika, mama watoto. Umenihangaikia vya kutosha."

Haukupita muda, upepo ukageuka. Wasikilizaji wakalalamika kuwa mchezo hauna chumvi. Fundi akalaumu waigizaji, akalaumu mitambo, akalaumu vijana wa siku hizi wasiojua kusikiliza. Mwishowe, mkuu wa vipindi akamwita ofisini, na hata kiti hakumpa.

"Mzee wangu, tumekuheshimu sana. Lakini kisima kikishakauka, hatuwezi kuwachotea watu matope."

Akahamia kubisha hodi kwenye majumba ya maigizo. Huku aliambiwa arudi kesho, kule mlinzi aliagizwa aseme bosi katoka. Usingizi ukamhama. Aliandika akachana, akaandika tena akachana, mpaka watoto wakazoea kupita sebuleni kwa kunyata. Mchana mmoja mkewe alimkuta ameulaza uso juu ya meza, mabega yakitikisika. Akarudi nyuma polepole, akajifanya hakuona.

Ndipo jumba kubwa la maigizo likatangaza kuwa linatafuta michezo mipya. Fundi akaandika habari za hakimu aliyelazimika kumhukumu mwanawe wa kumzaa. Alipomaliza, alimpa mkewe zile karatasi kwa mikono miwili, kama anayekabidhi kichanga.

"Peleka wewe, kwa jina lako. Langu wakiliona tu, ukurasa wa pili hawafungui."

"Na wakiukataa?"

"Basi nimekwisha. Sina kingine tumboni."

Mkewe akaingia nao chumbani kuusoma. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, na moyo wa Fundi ukaruka kwa furaha: umemgusa!

"Niachie mimi," alisema mkewe, bila kumtazama.

Habari ilipokuja kwamba mchezo umekubaliwa, Fundi alipiga magoti sakafuni akalia kama mtoto. Lakini furaha ile ilikuwa na mwiba ndani. Mkewe ndiye aliyeitwa mazoezini, ndiye aliyepigwa picha, ndiye aliyepewa mikono na kuitwa mtunzi. Fundi alibaki nyumbani akiizunguka meza kama kuku aliyefungwa kamba mguuni.

"Hakimu anachezwa na nani?" Fundi alimuuliza mkewe aliporudi.

"Waigizaji wote wazuri. Kula kwanza, baba watoto."

"Nije mara moja tu, nikae nyuma nisikilize?"

"Ukija watajua. Unataka wajue?"

Hakutaka. Aliogopa kujulikana kuliko alivyoogopa kufa. Lakini siku ya onyesho la kwanza, mkewe alipomsihi tena asije, kwamba atamsimulia yote mwanzo mpaka mwisho, Fundi aliitikia kwa mdomo tu. Nani anayesimuliwa sura ya mtoto wake? Mkewe alipotoka, naye akavaa kofia, akamfuata kwa mbali.

Mlangoni akaona tangazo: mchezo umepewa jina jingine kabisa. Akauma meno. Watu wa jukwaani ndivyo walivyo, mtoto wa mwenzao lazima wambatize upya. Akaingia. Mkewe alikuwa mstari wa mbele, shingo ameikaza, hageuki kulia wala kushoto.

Pazia likafunguka. Fundi akafumba macho, akaisubiri nyundo ya hakimu, na baada ya nyundo sentensi ile aliyoiandika na kuifuta mpaka kidole kikaota sugu.

Nyundo haikulia.

Akafumbua macho. Jukwaani hapakuwa na mahakama. Alikuwapo mwanamke mmoja tu, anapiga pasi shati la mume asiyekuwapo, na kuliongelesha. "Afadhali wewe shati. Wewe ukikunjamana, unakubali kunyooshwa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwanamke yule akasema neno la pili, kwa sauti ya chini, na kicheko kikakatika ghafla. Mbele huko mtu akavuta kamasi. Fundi akakishika kiti cha mbele yake kwa mikono yote miwili. Alitega sikio kwa kila sentensi iliyotoka, akiichambua kama mtu atafutaye sindano kwenye majani, akitafuta neno moja, moja tu, lililo lake.

Hakulipata.

Mzee aliyeketi pembeni yake akamgusa kwa kiwiko, machozi yamemlowanisha mashavu.

"Umesikia hiyo? Waandike jina la mwanamke, waandike la nani, mimi hawanidanganyi," akamnong'oneza. "Huyu ni Fundi wa redioni. Ulimi wake ningeutambua popote."