Suruali ya Bwana Harusi

"Mwimbie, mjomba. Daktari kasema mama bado anasikia," mpwa wake alimwambia kwenye simu kutoka Tanga.

Hyderali akaipakata ukulele, kigitaa chake cha nyuzi nne, jikoni kwake Toronto. Hita za majira mengi ya baridi zilikuwa zimepasua mbao zake, lakini nyuzi zilikubali. Akaanza wimbo waliokuwa wakiwavunja nao watu mbavu harusini, yeye akiuliza, dada yake akijibu.

"Bwana harusi kainama, suruali imepasuka wapi?"

Akangoja. Ilisikika mashine ya kupumulia tu.

"Jamani, imepasuka wapi?" akaimba tena.

Kisha mpwa wake akaitikia:

"Nyuma, mjomba. Nyuma."