Ukoko wa Shekue

Tangu serikali isawazishe sauti za watu wote ziwe moja, mama yangu kipofu hututambua kwa majina tu. Kaka yangu Shekue alipofariki, nilishindwa kumwambia. Nikajifanya yeye, na kila mchana nikala ukoko wa wali ambao mama alizoea kumwekea.

Jana nilichoka.

"Shikamoo mama, ni mimi Mwanaidi."

"Marahaba. Ukoko usiuguse, si wako. Kakako yuko wapi?"

"Mama, Shekue..."

"Kamwite. Wewe usipokuja, nakula. Yeye asipokuja, chakula hakishuki."

Nikatoka uani, nikafuta machozi, nikapiga hodi.

"Shikamoo mama, ni mimi Shekue."

"Marahaba baba! Dadako kaondoka?"

"Kaondoka."

"Afadhali," akasema, akanisogezea sahani.