Shujaa Wetu wa Kaloleni

Chifu, katika hotuba yake, alipofika pale shujaa alipowaendea adui mbio, peke yake, risasi zikivuma, Hesbon aliguna kwa dharau. Kukimbia alikimbia kweli, hilo halina ubishi.

Uwanja wa shule ulikuwa umefurika. Akina mama walicheza ngoma, wazee walijaa chini ya turubai, na nyuma ya madarasa pilau lilikuwa linapakuliwa. Kaloleni nzima imejikusanya kwa ajili ya mtu ambaye si lolote si chochote!

Hesbon alikuwa kwenye kikosi hichohicho, ng'ambo ya mpaka, siku kambi iliposhambuliwa. Sanga, kijana wa hapahapa, alipigwa risasi ya paja. Akamshika mguu shujaa huyo, akamsihi asimwache. Shujaa akamkanyaga vidole, akatoka mguu niponye. Vumbi likampoteza, na badala ya kukimbilia nyuma akakimbilia mbele, macho kayafumba, bunduki anaifyatua ovyo. Adui wakadhani wamevamiwa na jeshi zima, wakatawanyika. Hodari gani huyo, hata njia ya kutorokea haijui?

Wakubwa walipofika walimkuta kasimama kando ya bunduki kubwa ya adui, anatetemeka. Wakasema ni hasira za vita. Sanga alikuwa keshakata roho. Shujaa akanyamaza kimya, wao wakatia chumvi, na Nairobi ikatoa nishani. Leo chifu alitaka ivishwe upya nyumbani, watu waone.

Hiyo nishani haikumkera Hesbon. Wavishane hata mia. Kilichomchoma ni Kadzo, mamake Sanga, aliyekaa mstari wa mbele kajifunga leso mpya kwa heshima ya mtu aliyemkanyaga mwanawe. Waliomletea habari za msiba walimwambia kijana alifia mikononi mwa rafiki. Mama wa watu akaamini.

Basi asubuhi hiyo Hesbon aliapa kwamba leo Kadzo ataujua ukweli, na karamu ikiharibika na iharibike. Alikuwa akimtazama shujaa anavyojinyoa mbele ya kioo, anavyojaribu uso wa huzuni, na nusura amtemee mate.

Kadzo akapewa kipaza sauti.

"Mwanangu hakufa peke yake," akasema. "Hilo ndilo linalonipa usingizi."

Chifu akamkabidhi nishani, amvike shujaa kwa mkono wake mwenyewe. Vigelegele vikapanda. Sasa ndio wakati wenyewe. Maneno Hesbon alikuwa nayo yote, tangu la kwanza hadi la mwisho, lakini akabaki kitini.

Emily, mkewe, akamgusa goti.

"Inuka, baba Menza. Wanakungoja wewe."

Hesbon akainuka, akaenda hadi mbele, akainama ili mama yule amfikie kifuani.