Toleo la Zamani Limefutwa

"Yapo mawili! Shemeji, humu yapo mawili!" Anatoli alipiga kelele kama aliyekuta nyoka kabatini.

Adventina, katibu wa parokia moja ya Ngara, akasogea kutazama. Kwenye kompyuta yake ya Linux kulikuwa na matoleo mawili ya maktaba moja, yaani yale mafaili ambayo programu nyingi huyatumia kwa pamoja.

"Programu ya kutafuta vyeti vya ndoa inategemea la zamani," alisema. "Lile jipya hailitambui. Yaache yote mawili."

"Nyumba moja, matoleo mawili? Uchafu!"

Anatoli alikuwa mtaalamu wa kompyuta wa jimbo, wa aina ile isiyovua kitambulisho shingoni hata ikienda kuoga. Akalifuta la zamani. Programu ikafa palepale.

Adventina akashika kichwa. Huyuhuyu ndiye aliyekuwa anamwoa mdogo wake, Keza. Jumapili ndoa itangazwe kanisani, na Padre hatangazi jina ambalo halijatafutwa kwanza kwenye vyeti vya parokia zote za jimbo. Na mtama wa pombe ya harusi ulishalowekwa!

"Sasa nitakutafutaje, shemeji?"

"Mimi? Si unanijua! Andika tu: hana kizuizi."

"Ngoja nimpigie Priscila wa Biharamulo anitumie hilo la zamani."

"Usihangaike, huko nilishasafisha wiki jana." Anatoli akachukua kofia yake ya pikipiki. "Jipya likishakuja, la zamani la nini?"

Akaenda zake kujaribu suti.

Mjinga huyu, Adventina aliwaza, anajivunjia harusi kwa mkono wake mwenyewe. Akapiga simu hivyohivyo, huenda kuna nakala imesalia kwenye flashi. Yeye na Priscila hawajawahi kuonana. Miaka yote wanajuana kwa sauti tu, kwa kuulizana vyeti.

"Dada, lile toleo la zamani lipo kwenu? Mtaalamu amelifuta."

"Weee! Na kwetu kalifuta!" Priscila akacheka mpaka mtoto akasikika analia. "Nyinyi mtamfukuza. Mimi nitamfanyaje, na ndiye baba wa hawa watoto? Anatoli ndivyo alivyo, dada. Akishaona kipya, cha zamani anakitupa, haulizi hata nani anakitegemea."