Dirisha la Juu

Matouš aliandika jina lake mwenyewe kwa sukari kwenye dirisha la Mzee Hynek, na mama yake akamwambia aongeze maua.

Dirisha lenyewe lilikuwa dogo kama stempu. Nyumba nzima ilikuwa ya biskuti za asali, imesimama katikati ya meza ya jikoni, kuta zake zimegandishwa kwa sukari iliyopigwa na ute wa yai. Ilifanana kabisa na nyumba yao ya hapo mjini Třebíč: mlango wa kijani, bomba la moshi lililopinda, vyumba viwili juu. Kasoro ya ile ya kweli ilikuwa moja tu. Vyumba vya juu vilikuwa na mwenyewe.

Mzee Hynek aliwauzia nyumba hiyo miaka tisa iliyopita, kwa sharti lililogongwa muhuri na wakili: juu atakaa yeye mpaka afe. Wakati huo alikuwa na miaka sabini na minane, na alikohoa vizuri sana. Bi Radana, mama yake Matouš, alikisikiliza kikohozi hicho, akatia saini kwa moyo mkunjufu.

Tangu siku ile mzee hajakohoa tena.

Ndiyo sababu Matouš, kijana wa miaka kumi na miwili mwenye heshima zake, alilala chumba kimoja na mdogo wake Bětka, wa miaka sita, aliyeimba usingizini.

Desemba hii Bi Radana alipanda ngazi kwa mara ya kwanza, akabisha hodi. "Mzee Hynek, mkesha wa Krismasi utakula kwetu. Na wiki hii ushuke, uwasaidie watoto kupamba nyumba yao ya biskuti."

Mzee alishuka amevaa tai.

"Na mimi nakaa wapi humu?" aliuliza, akiinama kuitazama nyumba.

"Juu ya paa, babu," alisema Matouš. "Kule kuna hewa safi."

Bětka alimpiga kaka yake kijiko cha kichwa. "Mjinga wewe! Babu anakaa kwangu." Akakata mzee wa biskuti, akamtia macho ya zabibu kavu, akamsimamisha mlangoni.

Kila Mzee Hynek alipotaka kuinuka, magoti yake yalilia kama bawaba kavu, na Bětka akamwahi. "Kaa, babu! Mimi nitaleta." Akaleta lozi. Akaleta mdalasini. Akaleta maji, nusu yake sakafuni. Siku ya tatu mzee aliacha hata kujaribu. Siku ya nne alianza kumwita mjukuu wangu, na Bi Radana akasikia, akatabasamu.

Mezani, jioni ya mkesha, alipewa kiti cha bibi wa watoto hao.

Bibi alikuwa hana haja nacho. Pale Třebíč, katika chakula cha mkesha, hakuna anayeinuka kabla wote hawajamaliza. Anayetangulia kuinuka haioni Krismasi nyingine. Ndiyo maana akina mama hupanga kila kitu karibu, hata masufuria huyaweka miguuni. Mwaka jana Bibi alikwenda kuchukua chumvi. Mwezi wa tatu wakamzika. Baba husema ulikuwa moyo. Bi Radana husema ilikuwa chumvi.

Nyota ya kwanza ilipotokeza, watoto walipelekwa chooni kwa lazima, kisha watu watano wakakaa sebuleni, nyumba ya biskuti katikati yao. Mzee Hynek alipangusa macho kwa ncha ya tai.

"Tangu mke wangu afariki, miaka kumi na mmoja, nakula chakula hiki nimesimama," alisema. "Kwenye sufuria hiyohiyo niliyopikia."

Bi Radana akamshika mkono. "Leo utakula umekaa, mzee wetu."

Samaki wa kukaanga alikuwepo. Viazi vilikuwepo, mkate ulikuwepo, na chumvi ilikuwepo katika vikopo viwili.

"Jamani!" Bi Radana alijipiga paji la uso. "Supu nimeisahau jikoni. Mzee Hynek, si wewe ndiye uliye karibu na mlango? Hebu tusaidie."

Baba aliangalia sahani yake. Matouš aliangalia dirisha lake.

Mzee Hynek alikuwa amezaliwa Třebíč, na wazazi wake pia. Alimtazama Bi Radana. Kisha akalitazama lile dirisha la juu, lenye jina na maua yake, akalitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo adabu mezani. Mwisho akatabasamu, kama mtu ambaye hajaombwa kitu na mtu kwa miaka mingi, akaweka viganja vyote viwili juu ya kitambaa cha meza, akajisukuma.

Magoti yakalia.

"Kaa, babu!" ilisema sauti ndogo. "Mimi nitaleta."

Kiti cha Bětka kilikuwa tayari kitupu.